Maneno Kwanza, Picha Baadaye

Baba yangu alikubali nisomee uchoraji chuo kikuu kwa sababu isiyohusu uchoraji. Sam Ntiro alikuwa mtu wa Machame kama sisi, na Tanganyika ilipopata uhuru 1961 huyo Ntiro, mchoraji, alipelekwa London kuwa balozi wetu. Kwa hesabu za baba, mtu aliyeanza na brashi akaishia kwenye ubalozi hakupotea njia. Sikumbishia. Nilichotaka ni aweke sahihi kwenye fomu.

Ubalozi sikuupata. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimechora kanga, katika chumba cha michoro cha kiwanda kimoja cha nguo jijini Dar es Salaam. Kama mama yako ana doti za mwishoni mwa miaka ya 1980 sandukuni, huenda pindo mojawapo ni la mkono wangu. Hutalijua, wala mimi siwezi kukuhakikishia, maana kanga haiwekwi sahihi ya aliyeichora.

Vijana huja kwangu kuuliza kama kusomea sanaa chuo kikuu kuna ajira. Huwa nawajibu kwa historia, na wengi hawamalizi chai. Lakini swali lao ni la zamani kuliko wanavyodhani, na kwa upande wetu huu wa Afrika lilianzia Uganda, barazani kwa mtu.

Ilikuwa 1937, Mulago, Kampala. Mwenye nyumba alikuwa daktari Mwingereza, Hugh Trowell, ambaye watu wa tiba wanamkumbuka kwa kazi yake juu ya unyafuzi. Mkewe, Margaret, alikuwa amesoma uchoraji Slade, London, kisha ualimu. Walikuwa wamefika Kenya 1929 kabla ya kuhamia Uganda. Hapo barazani Margaret alianza kuwafundisha kuchora watu wachache waliokuja baada ya masomo na shughuli zao. Mwaka huohuo alichapisha kitabu kuhusu kazi za mikono za Kiafrika mashuleni. Kufika 1939 picha za wanafunzi wake zilikuwa zinaonyeshwa London, kwenye Imperial Institute. Darasa likapanda kilima, likawa sehemu ya Chuo cha Makerere, na shule hiyo leo inabeba jina lake.

Namna yake ya kufundisha ndiyo iliyonigusa mimi, ingawa sikumwona hata siku moja. Huko Uingereza alifundishwa ualimu na Marion Richardson, mwanamke aliyepata sifa akiwa mwalimu wa shule ya wasichana mjini Dudley. Richardson hakuwawekea watoto ua mezani walinakili. Aliwaambia wafumbe macho, akawasimulia mahali na mambo yaliyopo, kisha wachore walichokiona vichwani mwao. Trowell akaibeba namna hiyo mpaka Mulago. Aliwasomea wanafunzi visa, vingi vya Biblia, nao wakachora. Picha za mabingwa wa Ulaya hakupenda kuwaonyesha, kwa hofu kwamba wangeiga.

Nimewasikia watu wakisema kwamba kuanza na hadithi ndiyo njia ya Kiafrika ya kufundisha sanaa. Waambieni ilitoka Dudley.

Na kuhusu hofu hiyo ya kuiga nina ugomvi na Trowell. Kumficha mwanafunzi asione wengine walivyochora ni kumwamulia jambo lililo lake. Hakuna aliyemwambia kijana anayejifunza ushairi asimsome Shaaban Robert asije akaharibika. Trowell aliwapenda wanafunzi wake, sina shaka, ila aliwataka wawe Waafrika kwa kipimo chake yeye. Alikusanya vyungu, mikeka na ala, akasimamia Jumba la Makumbusho la Uganda katika miaka ya 1940, na 1953 akatoa pamoja na Klaus Wachsmann kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za makabila ya Uganda. Kazi hiyo sina la kuikosoa. Ila ukiuliza aliyehitimu kwake angeajiriwa wapi, jibu lililokuwepo lilikuwa moja: kufundisha.

Na kweli walifundisha. Gregory Maloba alitoka Kenya, akawa mchongaji, akabaki Makerere kama mwalimu, na katikati ya miaka ya 1960 akahamia Nairobi kufundisha huko. Katikati ya Kampala ipo kazi yake ambayo wapita njia wanaijua kuliko jina lake, yaani Mnara wa Uhuru wa 1962: mama aliyefungwafungwa mwili akimnyanyua mtoto juu. Umetengenezwa kwa zege. Mtu akikuambia sanaa ya chuo kikuu ni ya wenye nafasi, mpeleke pale akauone.

Ntiro alizaliwa 1923, akaingia Makerere katikati ya miaka ya 1940, akabaki kufundisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaenda Slade. Picha zake ni za nyumbani kwetu: watu wengi wadogowadogo, migongo imeinama, wanavuna, wanajenga, wanachuma kahawa, migomba imewazunguka, kivuli hakuna. Wapo walioziita za kitoto. Mimi naona mtu aliyekataa kusahau idadi ya mikono inayohitajika kwenye kazi moja ya kijiji. Mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York lilinunua picha yake ya 1956, wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Ukizaliwa Machame huhitaji kuelezwa ni mbege na ni ya nini. Baada ya ubalozi alishika masuala ya utamaduni serikalini, tena akafundisha, Makerere na baadaye Dar es Salaam. Alifariki 1993. Kwa hiyo hata huyo ambaye baba alimtolea mfano, ukihesabu miaka yake, alikula zaidi chaki kuliko ubalozi.

Elimo Njau ni wa Marangu, alizaliwa 1932, naye alipita Makerere katika miaka ya 1950. Mwishoni mwa muongo huo alichora michoro mitano mikubwa ndani ya kanisa kuu la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Nimesimama mbele yake. Yesu ni mweusi, walio karibu naye ni watu wa nchi ile, na nyuma yao ni vilima vya pale nje ya mlango. Leo hilo halimshtui mtu. Mwaka 1959, nchi ikiwa ingali na vidonda, lilitaka moyo. Njau hakungoja aajiriwe. Alifungua jumba la sanaa Marangu, na 1965 yeye na wenzake wakaanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi, mahali ambapo mchoraji Mwafrika aliweza kutundika kazi bila kuomba radhi. Moto uliiteketeza 1997, yakaungua mengi, na akaendelea.

Trowell aliondoka 1958. Nafasi yake ikashikwa na Cecil Todd, aliyekuja kutoka Afrika Kusini, naye akapindua meza. Historia ya sanaa ya Ulaya, ambayo mwenzake aliiogopa, yeye aliifanya somo. Nadharia ya rangi, vifaa, mitihani, shahada, jumba la maonyesho: mambo ambayo yangemfanya mkuu wa kitivo aache kuuliza kama uchoraji ni somo kweli. Theresa Musoke alihitimu katika miaka hiyo, 1965, miongoni mwa wanawake wa kwanza kupata shahada ya sanaa pale, na kazi yake ikabaki ukutani katika bweni la wasichana la Mary Stuart kabla hajaenda kuishi na kufundisha Kenya kwa miaka mingi. Miongoni mwa walimu wa wakati huo alikuwemo Jonathan Kingdon, Mwingereza mzaliwa wa Tabora. Alikuwa mchoraji kwa mafunzo, akageuka bingwa wa wanyama, na majuzuu yake ya wanyama wa Afrika Mashariki yalianza kutoka 1971. Alijifunza wanyama kwa kuwachora: misuli, mifupa, ngozi inavyokunjamana begani. Nikisikia mtu anasema penseli haimfikishi mtu kwenye sayansi, huwa namtaja yeye.

Kisha mambo yakaharibika. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanywa 1970, kila nchi ikabaki na chake. Amin akatwaa madaraka Januari 1971. Walimu wengi wa Makerere wakaondoka, wengine kwa kufukuzwa, wengine kwa kukimbiza roho zao, na njia ambayo kijana wa Kilimanjaro au wa Kenya aliizoea kwenda kusomea uchoraji Kampala ikaota majani.

Mlimani, kwenye chuo kikuu cha Dar es Salaam, sanaa za maonyesho zilikuwa zimetangulia. Uchoraji na muziki vilifuata katikati ya miaka ya 1970, na walioubeba uchoraji ni watu wa Makerere, Ntiro na Profesa Elias Jengo wakiwa mbele. Mimi niliingia katika miaka ya 1980, wakati sukari ilikuwa ya foleni na rangi ya mafuta tuliisikia kwa jina. Tulichora kwa mkaa wa jikoni kwenye migongo ya karatasi zilizokwisha kuchapwa upande mmoja maofisini. Udongo mwekundu tuliuchimba bondeni, tukauponda, tukauchekecha kwa kitambaa na kuuchanganya na gundi ya seremala. Picha zangu mbili za udongo ule bado ninazo na hazijapauka, wakati za rangi ya dukani nilizochora baadaye zimeshakuwa kijivu.

Mwalimu wetu mmoja, zao la Makerere, alikuwa na zoezi ambalo lilituchekesha. Anaingia, anasema tuweke penseli chini na kufumba macho, kisha anaanza kusimulia: Kariakoo, saa saba mchana, soko jipya na paa lake la miavuli ya zege, mchukuzi ana gunia la vitunguu, chini pana maji ya samaki. Anasimulia polepole, ananyamaza, anatoka nje kuvuta sigara. Tunafumbua macho na kuchora. Mimi nilichora kisogo cha mchukuzi na jasho likipita shingoni. Mwenzangu alichora paa tupu. Mwalimu akirudi hasemi ipi nzuri. Anauliza kila mmoja kwa nini ameanza pale alipoanza. Nilimaliza shahada bila kujua kwamba zoezi lile lilitoka kwa Richardson, likapitia barazani kwa Trowell, likapitia mikono ya waliofundishwa naye, mpaka likanifikia mimi kwenye dawati lililovunjika mguu.

Zoezi hilo ndilo lililonipa ugali. Kanga huanza na jina. Asubuhi mtu wa mauzo anaingia chumba cha michoro na kijikaratasi chenye maneno, methali au kijembe cha kumpiga jirani, na anataka mchoro kabla ya Ijumaa. Siku moja kaleta "Akiba haiozi". Yeye alitaka chungu cha fedha katikati, fedha zimwagike, watu waelewe. Nikamwambia aniache. Nilifumba macho kama nilivyofundishwa, nikayasikiliza yale maneno. Kisichooza ni nini, na kinachooza kando yake ni nini? Nikachora mkorosho. Bibo likidondoka linaoza siku hiyohiyo, nzi wanalijaa. Korosho iliyoning'inia chini yake inakaa msimu mzima. Mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, ukawa mabibo mekundu na korosho zake, pindo likawa korosho peke yake, zimefuatana. Umbo la korosho ni la zamani kwenye kanga, mabibi zetu walilivaa, lakini kulipa sababu ya kuwepo juu ya jina lile ilikuwa kazi yangu. Mtu wa mauzo alinuna. Doti zilikwisha.

Lakini nisijisifu kabla sijamtaja aliyenifundisha nusu nyingine. Wazo halichapiki. Kila rangi ina skrini yake, na kila skrini inatokana na karatasi yake angavu, iliyochorwa kwa wino mweusi peke yake: hii ya nyekundu, hii ya njano, hii ya nyeusi itakayobeba jina. Ukizilaza moja juu ya nyingine lazima zikae sawasawa, tena rangi moja iingie kidogo chini ya nyenzake. Ukiziacha zigusane tu, kitambaa kikivutika mashineni utaona uzi mweupe katikati, na mteja ataiita kanga mbovu. Kisha kuna pembe. Pindo linakimbia pande nne, na linapofika pembeni lazima ligeuke bila korosho kukatwa kichwa. Chuo kikuu hakikunifundisha pembe. Nilifundishwa na mzee mmoja wa chumba kile, aliyeishia darasa la nne na kuanza kazi kwa kufagia. Alikuwa akiangalia karatasi yangu kwa mbali, anasema, "Msomi, pembe inalia." Namjibu, "Shikamoo Mzee, inalia nini?" Anachukua penseli, anapima upana wa korosho moja kwa kidole, anahesabu kutoka pembe kwenda katikati, siyo kutoka katikati kwenda pembe kama nilivyofanya mimi. Nafasi inayobaki anaimeza katikati ya upande, ambako jicho halitulii. Hivyo tu. Nilikuwa na shahada na sikuwa nimewaza kuanzia kwenye pembe.

Ndiyo maana sina haraka ya kuwadharau wasiosoma. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya vibarua Dar es Salaam, na kuanzia 1968 hivi akachora wanyama kwenye vibao vya masonaiti kwa rangi za baiskeli, akiuza Oysterbay. Polisi walimpiga risasi 1972 wakidhani ni mwingine. Ndugu na wanafunzi wake walijifunza kwa kukaa kando ya fundi, na leo ukimwuliza mgeni uwanja wa ndege picha za Tanzania ni zipi, atakutajia Tingatinga, hatamtaja Ntiro. Jak Katarikawe alikuwa dereva kutoka Kigezi. Aliyemshika mkono pale Makerere ni huyohuyo Ntiro, bila kumwandikisha kuwa mwanafunzi. Katarikawe akaja kuwa mmoja wa wachoraji waliouza sana Nairobi. Na Gado, mchoraji katuni ambaye mawaziri wa nchi kadhaa wamemkunjia uso, alikuwa chuo cha Ardhi akisomea usanifu wa majengo alipoondoka 1992 kwenda kuchorea gazeti la Nation. Alifanya vizuri kuondoka.

Kwa hiyo chuo kikuu kilitoa nini? Ukiwaweka pamoja wote niliowataja waliopita chuoni, hakuna aliyekuta kiti chenye maandishi "mchoraji" kikimngoja. Walifundisha, wakafungua majumba yao, wakachora kuta za makanisa, wakachora swala na popo kwa ajili ya wanasayansi. Katika kiwanda chetu wenye shahada ya sanaa tulikuwa wachache, na tofauti yetu na wenzetu haikuwa mkono. Mkono wao ulikuwa mzuri kuliko wangu. Tofauti ilikuwa pale kijikaratasi cha mtu wa mauzo kilipoletwa na maneno ambayo hayakuwahi kuchorwa. Wao waliuliza tumewahi kuchora kipi kinachofanana. Sisi tuliuliza maneno yanasema nini. Chumba kilihitaji yote mawili, na kwa muda kilikuwa nayo.

Muda huo ulikwisha katika miaka ya 1990. Kiwanda kilibadili mikono, chumba kikapunguzwa watu, michoro ikaanza kuja kutoka nje tayari imekatwa rangi, na jina la Kiswahili linabandikwa mwishoni, wakati mwingine lina kosa la tahajia. Ndiyo maana siku hizi unakuta kanga ya msiba ina maua ya harusi. Makabati ya michoro ya zamani yalitolewa uani. Karatasi zile ngumu wauza maandazi walizipenda. Yule mzee wa pembe alistaafu bila karamu. Kazi yake haikuandikwa popote, wakati picha ya Ntiro ina namba yake New York.

Mzazi ambaye mtoto wake anataka kusomea uchoraji chuo kikuu, usihangaike kumwuliza atakula nini, kwa sababu hajui, na hata mimi sikujua. Nenda idarani ukaulize mengine. Tanuri la ufinyanzi linawaka, au limekuwa stoo? Anayefundisha kuchapa amewahi kuchapa nini kikauzwa? Likizo wanafunzi wanapelekwa kwa nani: kwa wachapishaji vitabu, kiwandani, kwa mafundi wa vinyago Mwenge, au wanarudi tu nyumbani? Waombe pia wakuonyeshe kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, siyo za wanaohitimu peke yao. Wakikujibu bila kuficha, hata kama jibu lenyewe ni kwamba tanuri ni bovu tangu mwaka juzi, lipa ada. Wakianza kukueleza habari za ndoto na vipaji, mtoto na akakae kwanza mwaka mmoja na fundi.